Ukumbi wangu Chake: kijivu au beji? Nimebakiwa na rangi mbili na moyo haujatulia

MkaaziWaKilimani

Asalaam alaikum wanajamvi, khasa mlioko Unguja na Pemba.

Nyumba yetu ipo Chake Chake. Lipu imekauka, dari ya jipsam imepigwa, marumaru ya chini imewekwa. Vyumba vya kulala tumevimaliza bila mabishano. Kimebaki ukumbi, na ukumbi ndimo anamokaa mgeni, ndimo tunamofutari, ndimo bibi anamosalia akija kututembelea. Sitaki kipakwe ilimradi kimepakwa.

Rangi zilizobaki mezani ni mbili na zote nimezipata mtandaoni, za kampuni ya Kimarekani ya Sherwin-Williams. Moja inaitwa Agreeable Gray, nambari yake SW 7029. Ya pili Accessible Beige, SW 7036. Makopo ya kampuni hiyo sijayaona madukani kwetu, ila duka lenye mashine ya kuchanganyia limekubali kuniigizia zote mbili kwa rangi ya maji waliyonayo.

Ukumbi wenyewe ni mita 5 kwa 4, kutoka chini hadi dari ni mita 3. Madirisha mawili makubwa yanatazama machweo. Dirisha jengine dogo liko upande wa kaskazini na nje yake pana mikarafuu, imekaribia kabisa. Marumaru ni krimu yenye mishipa ya kahawia. Milango ni mninga. Makochi ni kahawia iliyokoza na hatuyabadilishi.

Mume wangu anataka kijivu, anasema ndiyo ya kisasa. Mimi nafsi inavutwa na beji lakini naogopa ikawa njano. Shangazi zangu wanasema tupake nyeupe tumalize. Nyinyi mnasemaje? Naomba anayejua anieleze na sababu, si jina la rangi peke yake.

Mtoni_Kidatu

Kijivu. Beji imeshapita wakati wake.

MchapajiDarajani

Dada, mimi kazi yangu ni kuchapa mabango na kadi, rangi nashughulika nazo kutwa, nikuongezee kitu ambacho hakionekani kwa macho ya haraka.

Hizo mbili ni ndugu wa karibu sana. Kwenye kompyuta kila rangi huandikwa kwa nambari tatu: nyekundu, kijani na buluu, kila moja kutoka 0 hadi 255. Agreeable Gray ni 209, 203, 193. Accessible Beige ni 209, 199, 184. Tazama vizuri. Nyekundu iko sawasawa. Kijani imepungua 4, buluu imepungua 9. Basi. Hiyo unayoiita kijivu tayari ina ujoto ndani yake, kwa sababu kijivu halisi nambari zote tatu zingelingana. Na hiyo unayoiita beji imetiwa kijivu cha kuizuia isiwe njano.

Kiwango cha kurudisha mwanga nacho hakiachani. Kipimo hicho huenda kutoka 0, yaani weusi mtupu, hadi 100, weupe mtupu. Ya kijivu ni 60, ya beji ni 58. Kwa hiyo anayekwambia beji itautia giza ukumbi na kijivu itaung'arisha, hajazipima. Mwanga ni ule ule. Kinachotofautiana ni rangi iliyojificha chini ya rangi, ile inayojitokeza ukiiweka karibu na kitu chengine.

Njia nyepesi ya kuiona: chukua karatasi nyeupe ya kuandikia, iweke ubavuni mwa sampuli. Hapo kijivu itakuonesha kama inaelekea kwenye kijani au zambarau, na beji itakuonesha kama inaelekea kwenye waridi au njano. Bila ya ile karatasi jicho linazoea haraka na linakudanganya.

Na tafadhali usiamue kwa simu. Kioo cha simu kinatoa mwanga, ukuta unaurudisha. Tena kamera hujirekebishia weupe wenyewe, ukipiga picha ukuta mmoja asubuhi na usiku utapata rangi mbili na zote si ile uliyonayo.

FundiBrashi_Wete

Waalaikum salaam dada yangu.

Kabla ya rangi niulize ukuta. Lipu ina muda gani? Lipu mbichi ya saruji ina ukali unaokula rangi ya maji, ndiyo maana twaambiwa tuiache wiki nne kwa uchache, na masika tuzidishe. Kuna nyumba zinapakwa ukuta bado una maji ndani, baada ya mvua rangi inatoa mapovu na kubanduka kama magamba, halafu lawama anapewa aliyechagua rangi.

La pili, mchanga wa lipu. Ukiwa umetoka pwani na haukuoshwa, chumvi itatoka ukutani kama unga mweupe. Pitisha kiganja. Ukiona unga, usipake. Sugua kwa brashi kavu, acha, rudi baada ya siku kadhaa utazame kama umetoka tena. Kijivu na beji zote mbili zinaonesha chumvi vibaya sana kuliko nyeupe, kwa sababu doa jeupe kwenye rangi ya katikati halifichiki.

Hilo likiwa sawa, ndiyo tuzungumze rangi. Niambie pia taa za humo ni zipi.

MkaaziWaKilimani

Fundi, ahsante. Lipu ilimalizwa kabla ya kaskazi kuanza, na sasa tumeshaingia kusi. Nimepitisha kiganja kote, unga haupo, ila pembe moja chini ya dirisha la kaskazini ukuta uko baridi kidogo ukiugusa.

Taa ni za LED, zile nyeupe sana. Kwenye boksi pameandikwa 6500K.

FundiBrashi_Wete

Hiyo pembe itazame nje. Mara nyingi ni maji ya bati yanarukia ukutani au udongo umepandishwa juu kuliko msingi. Kata ule udongo kwanza. Rangi haizuii maji yanayotoka nje kuja ndani, hata ukipaka mikono mitano.

Taa nazirudia baadaye, nataka wengine waseme.

MwalimuMstaafu_Mkoani

Binti yangu, nimesoma uzi wako nikaona kuna jambo la jiografia halijaguswa, na ndilo linalowapoteza wengi wanaosoma ushauri wa rangi ulioandikwa Marekani na Ulaya.

Kule wanasema chumba kinachotazama kaskazini kina mwanga wa ubaridi wa buluu, kwa hiyo kipake rangi ya joto. Kinachotazama kusini kina jua kutwa, kwa hiyo kijivu kinakaa vizuri. Kwao ni kweli, kwa sababu jua lao la mchana liko kusini mwaka mzima. Sisi Pemba tupo kiasi cha nyuzi 5 kusini mwa ikweta, Unguja kiasi cha 6. Jua linatupitia utosini mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba. Baina ya hapo, miezi yote ya masika na kusi, jua la mchana liko upande wetu wa kaskazini. Kuanzia Oktoba hadi Machi ndipo linahamia kusini. Ina maana hilo dirisha lako la kaskazini litapata jua nusu ya mwaka na litakosa nusu nyengine. Ushauri wa "chumba cha kaskazini" ukiuchukua kama ulivyo, umeuchukua wa watu wengine.

Kwetu kinachotawala ni mashariki na magharibi. Matlai jua linaingia asubuhi, linaondoka mapema. Machweo ndiyo kazi: kuanzia Alasiri mpaka Magharibi jua linaingia limeinama, limekuwa la dhahabu, linapiga ukuta wa ndani moja kwa moja, na halibadiliki sana mwaka mzima kwa sababu kwetu jua huzama karibu saa ile ile. Ukumbi wako una madirisha mawili makubwa upande huo. Basi kwa saa mbili tatu kila siku rangi yoyote utakayopaka itaongezwa njano.

Sasa mikarafuu. Jani la mkarafuu ni la kijani kilichokoza na linang'aa. Mwanga unaopita hapo unaingia umebeba kijani. Ukuta wa karibu na dirisha lile utakionesha, na kijivu kinakipokea upesi kuliko beji.

Hesabu hizo mbili zinavutana: machweo yanaitisha rangi isiyo na njano nyingi, mikarafuu inaitisha rangi isiyo baridi. Kwa hiyo ule wasiwasi wako kuhusu njano una haki, lakini na wasiwasi wa kijivu kugeuka kijani una haki vile vile.

KijanaWaMichenzani

Mimi natetea kijivu, na nina sababu.

Tunakaa ghorofa za Michenzani, ukumbi una dirisha la matlai tu, mchana mwanga ni wa kivuli, hauna njano kabisa. Tulipaka kijivu laini chenye ujoto kidogo, jirani ya hiyo aliyoitaja dada. Imetulia mno. Vitu vya ukutani vinaonekana, ile ayat al-kursi ya herufi za dhahabu inakaa mahala pake, na watoto wakishika ukuta doa halipigi kelele kama kwenye krimu.

Lakini niseme ukweli wote: marumaru yetu ni ya kijivu na makochi ni ya buluu nzito. Kijivu chetu kina wenzake. Dada huna kitu hata kimoja cha kijivu humo ndani. Mume wako anapenda rangi ile kwa sababu ameiona kwenye vyumba vyenye sakafu ya kijivu, nadhani.

MkaaziWaKilimani

Nimemsomea mume wangu hii. Amenyamaza, kisha akasema "basi tubadilishe makochi." Nimemwambia na marumaru je?

BiShangani

Mwanangu, mimi ni mtu wa Mji Mkongwe, na naandika kwa ajili ya wale wenye nyumba kama zetu ambao watausoma uzi huu wakadhani maneno ya fundi yanawahusu neno kwa neno. Nyumba yako ya matofali na saruji ina dawa yake, zetu zina yake.

Kuta zetu ni mawe ya matumbawe na udongo na chokaa, nene kweli kweli. Zinavuta maji na zinayaachia, ndivyo zilivyojengwa. Ukizipiga lipu ya saruji au rangi ya mafuta umezifunga pumzi: maji yanabaki ndani, chumvi inakusanyika nyuma ya rangi, mwisho lipu inaanguka vipande vipande. Zinataka chokaa. Chokaa iliyozimwa vizuri ikaachwa ikae, ikapakwa nyembamba nyembamba, mkono juu ya mkono, hukauka kwa kuvuta hewa na kurudi kuwa jiwe.

Na chokaa si lazima iwe nyeupe pe. Ukitia udongo wa rangi kidogo, wa manjano au wa kahawia, unapata krimu, rangi ya mchanga, rangi ya pembe. Huwezi kuipata sawasawa na kadi ya dukani, na ikiwa mbichi inaonekana nzito kuliko itakavyokuwa ikikauka, kwa hiyo jaribu pembeni uiache ikauke kabisa ndipo uhukumu. Vyumba vyetu ni vyembamba kwa sababu upana wake ulifuata urefu wa boriti za mikoko, kama mita 3 hivi, na mwanga ni mdogo. Mimi katika maisha yangu yote sijaona kijivu kikapendeza chini ya boriti. Boriti ni kahawia, mlango ni kahawia, kitanda cha samadari ni kahawia. Kijivu kinasimama peke yake kama mgeni asiyekaribishwa.

Wenye nyumba za Mji Mkongwe kumbukeni pia mji huu uko kwenye Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000. Mkitaka kugusa upande wa nje, nendeni kwanza Mamlaka ya Hifadhi mkaulize. Wana mafundi wanaoijua chokaa.

Mtoni_Kidatu

Bibi, hapo kwenye chokaa nimejifunza. Ila kwa nyumba mpya bado naona beji inazeesha nyumba.

BiShangani

Mjukuu wangu, beji ya njano mbichi inazeesha, hapo tuko pamoja. Iliyotiwa kijivu haizeeshi. Sikiliza aliyetaja zile nambari.

FundiBrashi_Wete

Haya, narudi kwenye taa, kisha niseme la kufanya.

Hiyo K ni kipimo cha rangi ya mwanga: ikiwa ndogo mwanga ni wa manjano, ikiwa kubwa ni wa ubuluu. Taa ya 6500K ni nyeupe ya ubuluu. Usiku ukumbi wote utakuwa chini ya mwanga huo. Kijivu chako kitakuwa baridi kama ukuta wa hospitali, na mninga utapoteza wekundu wake. Beji nayo itafifia, ila itabaki na uhai. Badilisheni taa kwanza. Tafuta zilizoandikwa 3000K, au 4000K kama hampendi mwanga wa manjano. Usinunue rangi ya ukuta ukaijaribu chini ya taa ambazo hutakaa nazo.

Sasa jaribio. Usipake viraka ukutani moja kwa moja. Ukuta ule wa lipu una rangi yake, na viraka viwili vikikaa karibu vinaharibiana. Chukua vipande viwili vya jipsam iliyobaki au plaiwudi, kila kimoja upana na urefu kama sentimita 60. Paka andakoti nyeupe, yaani rangi ya mwanzo, kisha mikono miwili ya rangi, acha ukingo mweupe pembeni. Viache vikauke mpaka kesho yake, maana rangi ya maji hubadilika inapokauka.

Kisha vitembeze. Kimoja ukuta wa ndani unaopigwa na machweo, kimoja karibu na mikarafuu, baadaye ubadilishe. Visimamishe wima, usivilaze chini. Na uvitazame kwa nyakati ambazo huwezi kuzisahau: baada ya Alfajiri, Adhuhuri, Alasiri, kabla ya Magharibi na baada ya Isha taa zikiwa zimewashwa. Kila mara uviweke karibu na vitu vitatu: marumaru, mlango wa mninga na kochi. Vitu hivyo vitatu ndivyo vitakavyochagua. Ukuta unaweza kuupaka upya, marumaru huivunji.

Dari nayo msiisahau. Jipsam ikipakwa nyeupe ya ubuluu, beji chini yake itaonekana chafu hata kama ni nzuri. Dari ipake nyeupe iliyovunjwa kidogo tu.

Na mng'ao: chukua silki ya mng'ao mdogo ikiwa una watoto, inafutika kwa kitambaa chenye maji. Ila silki inaonesha kila kibonde cha lipu, khasa jua la machweo likipita limeinama. Puti na msasa lazima vifanywe vizuri, fundi asikuharakishe hapo.

MkaaziWaKilimani

Nimefanya kama alivyosema fundi, neno kwa neno, na taa tumebadilisha tukaweka za 3000K. Nawaletea niliyoyaona, maana najua kuna wengine wana ukumbi kama wangu.

Baada ya Alfajiri mbao zote mbili zilikuwa karibu sawa. Kama ningezitazama wakati ule tu ningesema tunabishana bure.

Adhuhuri karibu na mikarafuu, kijivu kiligeuka. Si kijani cha wazi, ni kama maji ya mchele yaliyokaa. Nilimwita mume wangu bila kumwambia kitu, akasimama, akasema mwenyewe "hii imekuwaje?" Beji pale pale ilibaki ilivyo, ila ilipoa kidogo, ikapendeza.

Alasiri ndiyo niliyoiogopa. Jua lilipoingia kwenye ukuta wa ndani, beji ilipata dhahabu. Ile njano ya siagi niliyoihofia haikuja, ilikuwa rangi ya mchanga mkavu. Na kijivu kwa saa ile kilikuwa kizuri mno, lazima niseme, kilikuwa bora kuliko beji. Hapo ndipo mume wangu alipopata nguvu tena.

Usiku chini ya taa mpya zote nzuri. Lakini karibu na marumaru kijivu kilifanya ile mishipa ya kahawia ionekane kama madoa, na karibu na mlango wa mninga kilijitenga. Beji iliunganisha sakafu, mlango na makochi, ukumbi ukawa kitu kimoja.

Shangazi walikuja wakaziona. Mmoja ameshahama kutoka nyeupe.

MchapajiDarajani

Maelezo mazuri mno dada. Ile nafasi ndogo ya buluu, 193 na 184, imefanya kazi yote hiyo mbele ya mikarafuu.

MwalimuMstaafu_Mkoani

Umefanya jambo la maana. Nakuomba kitu kimoja: mbao usizitupe. Sasa hivi ni kusi, jua la mchana liko upande wa mikarafuu. Likihamia kusini mwisho wa mwaka, dirisha lile litabaki na kivuli tu, na kijani kitakuwa na nguvu zaidi. Kwa hiyo uliyoyaona kwenye kijivu ni ile nusu nyepesi.

MkaaziWaKilimani

Maalim, shikamoo, na ahsante sana. Hilo ndilo lililomaliza mabishano nyumbani. Tumekubaliana beji ukumbini. Kijivu mume wangu atapaka chumba chake cha kazi, kinatazama matlai na sakafu yake ni saruji ya kusuguliwa, kwa hiyo kitakuwa na mwenzake.

Fundi, swali la mwisho. Duka linataka kuniuzia ndoo ya lita 20. Inahitajika kweli?

FundiBrashi_Wete

Tupige hesabu. Mzunguko wa ukumbi ni mita 18, mara urefu wa mita 3, ni mita za mraba 54. Toa milango na madirisha, tukadirie 8, zinabaki 46. Mikono miwili ni 92. Rangi ya maji nzuri hutosha mita za mraba 10 hadi 12 kwa lita moja kwenye ukuta laini, lakini lipu yetu hunywa, mimi huhesabu 8. Hapo ni lita 11 na nusu. Makopo matatu ya lita 4 yanakutosha na utabakiwa na ya kurekebishia.

Yachanganywe siku moja, kwa mashine moja. Ukifika nyumbani mimina yote matatu kwenye ndoo moja kubwa, koroga, ndipo uanze, ili ukuta wa mwisho usije ukatofautiana na wa kwanza. Karatasi yenye nambari za mchanganyiko ibandike nyuma ya mlango wa kabati la umeme, kwa sababu kopo litatupwa. Na ile pembe ya dirisha la kaskazini usiipake mpaka udongo wa nje umekatwa na ukuta umekuwa na ujoto sawa na wenzake. Anza na kuta tatu, ile iache mwisho.

MkaaziWaKilimani

Udongo umeshaanza kukatwa leo asubuhi. Nitaweka picha ukuta wa machweo ukishapata mkono wa pili, inshallah.